Nimetolewa Ngomani na Watoto wa Chekechea

Leo nimejikuta nje ya darasa langu mwenyewe, na sina wa kumlaumu.

Asubuhi niliwasomea watoto wangu wa chekechea hapa Mwabungo kitabu cha picha. Nungunungu anapenda ngoma, lakini wanyama wenzake wanamtoa kwa kuwa miiba yake inawachoma. Mwishowe wanamrudisha na kupanua duara.

Nilisoma kwa madaha, jamani. Hata mimi mwenyewe machozi yalinilengalenga.

Tukafunga kitabu, tukaanza mazoezi ya ngoma ya siku ya wazazi.

Sasa yupo Riziki, miaka mitano. Huyu akicheza, viwiko vinaruka kila upande. Leo mwenzake Bakari alipigwa kiwiko cha pua.

Nikamwambia kwa upole kabisa, "Riziki mwanangu, kaa pale mlangoni utuangalie."

Akaenda, akakaa. Halafu akauliza, "Mwalimu, nungunungu alirudi?"

"Alirudi, mama."

"Nani alimwita?"

Nikajifanya natafuta chaki. Darasa zima lilikuwa linanitazama mimi.

"Haya, Riziki, njoo. Nyinyi wengine, panueni duara!"

Wakapanua. Viwiko vikaja. Wakapanua tena, na mimi nikarudi nyuma pamoja nao, hatua kwa hatua, mpaka nikatokea barazani.

Mwalimu mkuu alikuwa anapita. "Kulikoni, mwalimu? Umefukuzwa?"

"La, nimepisha."

Akachungulia dirishani. Riziki yuko katikati anacheza, wenzake wamebanwa ukutani, wote wanacheka, Bakari akiwa wa kwanza.

Walimu wenzangu, nani ana uwanja wa kutuazima?