Ndege Iliyopitishwa Stesheni kwa Stesheni

Mwaka 1943, shirika la reli lilipomwazimisha kwa jeshi, Modest Lugembe alikuwa na miaka arobaini na minne na mvi zimeanza kumtoka kidevuni. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshika simu stesheni ya Tura. Sasa akapewa kiti ndani ya kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo, kando ya uwanja wa ndege wa Tabora. Kazi yake ilikuwa kushika simu ya waya, huku wenzake wakiongea na ndege kwa redio.

Wenzake hao walikuwa vijana watupu. Mkubwa wao, Sajini Wilkins, Mwingereza wa miaka ishirini na miwili, alikuwa na pua inayobambuka kwa jua. Ambrosi, mzaliwa wa Itetemia karibu na hapo, alikaa redioni na kutafsiri. Nassibu, kijana wa mjini mwenye mzaha, alipandisha bendera na kufukuza mifugo uwanjani.

Asubuhi ya kwanza Nassibu alimwamkia shikamoo, kisha akamuuliza, "Mzee, ndege umewahi kupanda?"

"Marahaba. Hata ngazi hii nimeipanda kwa sala," Modest akajibu.

Kuanzia hapo wakamwita Baba Tura. Mchana walikula pamoja mihogo na karanga alizofungiwa na mkewe, Tekla. Wao walimfundisha kutambua ndege kwa mlio, naye akawafundisha kusinzia wameketi huku sikio moja likiwa kwenye simu.

Siku moja mwezi wa Machi, mawingu yalishuka hadi karibu na vilele vya miti. Ndege moja ndogo iliyotoka Nairobi na mizigo ya dawa ilikuwa imechelewa. Mara sauti ya rubani ikaja redioni, hafifu. Ambrosi akatafsiri: ameiona reli, anadhani ameshaipita Tabora, kwa hiyo anaifuata kuelekea mashariki ili arudi. Mafuta yake ni ya dakika arobaini.

Wilkins akaitazama ramani, asijue pa kuweka kidole. "Huenda amesema kweli, huenda anakwenda kupotea zaidi," akasema.

Modest alikuwa ameshazungusha mkono wa simu. Bwana stesheni wa Tura, mashariki ya Tabora, Bernardo, akapokea.

"Bernardo, umesikia ndege?"

"Nimesikia. Imepita juu ya paa sasa hivi. Kuku wote wamo ofisini kwangu."

"Imeelekea wapi?"

"Dodoma."

Modest akamgeukia Ambrosi. "Mwambie sajini kwamba rubani hajafika Tabora kabisa. Ageuze sasa hivi, reli aishike, asiiache."

Wilkins akapiga kelele redioni. Modest akaita stesheni zote za njiani, akawaomba watoke nje wasikilize. Akaanza kuandika kwenye karatasi kama alivyoandika treni maisha yake yote. Tura: imepita, inarudi. Goweko: imepita. Igalula ikanyamaza. Ambrosi akauma kucha. Dakika mbili, tatu, nne. Modest akaendelea kuzungusha mkono wa simu. Mwishowe akasikia mtu anahema.

"Samahani, kaka, nilikuwa nje naiangalia. Imepita chini sana, nimeiona hata kofia ya rubani."

Nassibu alikwisha kuruka ngazi, akakimbilia uwanjani kuondoa ng'ombe watatu. Ndege ikatokeza chini ya wingu, ikadunda mara mbili, ikasimama na gurudumu moja likizama topeni.

Rubani aliyeshuka alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Wilkins akamwonyesha Modest. Rubani akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno mengi.

"Anasema wewe ni mkubwa kuliko baba yake," Ambrosi akafasiri.

"Basi mwambie leo aandike barua nyumbani."

Wiki ile Wilkins aliamuru majina ya stesheni zote yabandikwe ukutani, na kila askari mgeni akaketishwa kwanza kando ya Modest siku tatu. Vita vilipokwisha, jeshi lilimtaka abaki. Akakataa kwa adabu, akarudi relini. Ambrosi na Nassibu walimsindikiza hadi behewani, mmoja kabeba sanduku, mwingine kuku wa Tekla, wakibishana njia nzima nani kati yao alijifunza zaidi kwa mzee.

Modest aliwasikiliza tu, akicheka, mpaka treni ikaondoka.