Usiku Niliokunyima Ziwa

Kosa langu la kwanza la ubaba, mwanangu Amisi, nilikufanyia wewe mwenyewe. Ulikuwa na miezi sita, nami nikaamua peke yangu kwamba usinyonye tena usiku. Nalikumbuka juma lile kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, na sijawahi kukusimulia. Lakini jana ulinipigia simu kutoka machimboni kwenu Pangi, ukaniuliza: "Papa, mtoto wetu ametimiza miezi saba, mama yake hapati usingizi. Tumkatize lini maziwa ya usiku?" Nikakujibu kwamba nitafikiri. Ukweli ni kwamba niliingiwa na woga. Ndiyo maana naandika; kwa mdomo ningeyapunguza maneno.

Ilikuwa miaka ya vita. Hapa Kindu treni ilikuwa haiji tena, chumvi ilikuwa shida, na njia za mashambani ziliogopwa. Kila alfajiri mama yako alivuka Lualaba kwa mtumbwi, akatembea mpaka kwenye mihogo yetu, akarudi jua likizama na kikapu mgongoni. Hakuweza kukubeba, kwa sababu mtoto akilia njiani wenye bunduki wanasikia. Ulibaki na nyanya yako, mama mzazi wa mama yako, aliyekuwa amekimbia kutoka Tunda na kukaa kwetu katika chumba cha nyuma. Mchana alikunywesha uji wa muhogo, mwepesi kama maji ya kuoshea sahani. Usiku ndipo uliponyonya, mara nne, mara tano, na mama yako akaamka na macho mekundu.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa redio niliyejifundisha mwenyewe. Nilisoma, nilijaribu, nikaweza. Basi nikaamini kila kitu hujifunzwa hivyo, hata mtoto. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa cha malezi nilichokipata sokoni, jalada limechanika. Kilisema kwamba mtoto mwenye afya wa miezi sita anaweza kulala usiku kucha bila kunyonya. Maneno "mwenye afya" niliyasoma, mwanangu, nikayapita kama mtu anavyolipita jiwe njiani. Wala aliyekiandika hakuwa na habari ya mama anayevuka mto kila siku na kumwacha mwanawe na uji wa maji.

Tena nilikuwa na hofu ya kweli, usinione katili. Jioni moja mama yako alianguka mlangoni, kikapu kikiwa bado mgongoni. Nikaona kwamba siku moja ataangukia njiani nisijue. Nikaamuru alale chumba cha mbele. Wewe ungelala nami, na ukiamka ningekupa maji ya kuchemsha kwa kijiko.

"Baba Amisi," akaniambia, "huyu mutoto ananingoja muchana muzima."

"Kitabu kinasema atazoea."

"Hicho kitabu kilizaa batoto wangapi?"

Sikucheka. Niliogopa kukosea kiasi kwamba sikuweza kuona nilipokuwa nakosea.

Usiku wa kwanza ulilia mpaka sauti ikakauka. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wewe hukulilia wembe, ulililia ziwa, nami nikakupa kijiko cha maji. Usiku wa pili ulilia kidogo. Wa tatu ulinung'unika. Wa nne ukanyamaza kabisa. Asubuhi yake nilitembea uani kama mtu aliyeshinda kesi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilisikia kimya tu.

Sasa, wewe umekulia mjini, huenda desturi hii huijui vizuri. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakusemezana uso kwa uso. Nilipopita, nyanya yako alijifunika kitenge. Akiwa na haja nami, alimtuma mama yako. Siku ya sita nilikuwa barazani, natengeneza redio ya jirani. Nyanya yako akatoka na wewe mikononi, akakaa akinipa mgongo, akaanza kusema nawe kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya njia. Unajua nyanya zetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao.

"Mume wangu, njo weye kweli huyu? Ulikuja kunioa na mashavu. Mashavu umeuza wapi? Mimi sitaki bwana wa mifupa." Akakupakata vizuri, akaendelea. "Muchana nakupa uji, na weye unajua ile iko maji tu. Chakula yako iko usiku, kwa mama yako. Nani amekufungia mulango? Mwambie huyo muntu: mutoto mwenye kushiba analala. Na mutoto mwenye kuchoka kulia, naye analala. Aangalie vizuri weye uko nani."

Nikaweka bisibisi chini. Nilikutazama, nadhani kwa mara ya kwanza juma lile. Utosi wako ulikuwa umebonyea. Ngozi ya mapaja ililegea kama soksi ya mtu mkubwa. Hukulia nilipokuchukua, hukuwa na nguvu ya kulia.

Sikuweza kumjibu mama mkwe, kwa hiyo nikakujibu wewe: "Amisi, mwambie mke wako nimesikia."

"Mume wangu," akasema, uso bado umefunikwa, "mwambie asijibu, akimbie."

Nilikimbia nawe mpaka zahanati. Muuguzi alikupima uzito, akabonyeza mguu wako, akaniuliza maswali ambayo kitabu changu hakikuniuliza: mchana anakula nini? Mama yuko wapi? Akaagiza unyonye kila unapotaka, usiku na mchana, na turudi kesho. Lakini maziwa nayo yalikuwa yamepungua, maana ziwa lisiponyonywa hukauka. Mama yako akabaki nyumbani nawe, na shambani nikaenda mimi. Siku zile wanaume walikamatwa njiani kubebeshwa mizigo, na wengine hawakurudi. Nilikwenda nikiiogopa njia, nikarudi nikiogopa zaidi kile nitakachokikuta nyumbani. Siku ya tisa, kabla sijafika uani, nilikusikia ukilia kwa hasira, kwa sauti nene. Nilikaa juu ya kikapu changu nikalia nawe.

Ziwa la usiku uliliacha ulipopita mwaka, ukila bugali, samaki na sombe ya majani ya muhogo mchana. Mama yako alianza kwa kukuchelewesha kidogo na kukupapasa mgongo. Ulipougua alikurudishia bila aibu, ulipopona mkaanza tena. Hakuna aliyetangaza siku ya mwisho.

Basi sikiliza, mwanangu. Miezi saba peke yake si jibu. Tazama mchana kwanza: anakula nini, anashiba, anaongezeka uzito? Mpelekeni apimwe, mkamuulize muuguzi; kuuliza si ujinga. Mkiambiwa yuko tayari, mpunguzieni pole pole, wala si wakati wa homa, wala wa safari, wala siku ambazo mama hashindi naye. Akinyamaza, usifurahi mpaka umemwinua na kumtazama. Na mama yake akichoka, mpunguzie mama kazi. Usimpunguzie mtoto chakula. Chota maji wewe, twanga sombe wewe, wanaume wenzako wa machimboni wakikucheka waache wacheke. Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa, na ilikaribia kunigharimu wewe.

Mungu amkuze mjukuu wangu, amwongezee mama yake nguvu, na moto wa jiko lenu usizimike. Na wewe akupe moyo wa kusikia hata maneno usiyoelekezewa.

Mimi bado ni mtu wa wasiwasi, hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nauliza kabla sijaamua.