Neno Nililokwenda Kumwomba Mama Keji

Nilitoka Arua kwa sababu mama anaamini naweza kumshushisha bei mtu yeyote. Safari hii bidhaa ilikuwa hatia ya mdogo wangu Ramadhani. Alimkata panga Mama Keji, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeuza samaki sokoni Koboko, huku akipiga kelele, "Wasudani rudini kwenu!" Wakili alituambia kwamba mwanamke huyo akiieleza korti kuwa Ramadhani alikuwa kichaa, huenda akapelekwa hospitali badala ya jela.

Asubuhi nilipanda lori la Oraba, mpakani, linalopita Koboko, pamoja na mbuzi wa suluhu.

"Mzee, huyu pia iko abiria?" utingo akauliza.

"Hana mzigo. Ni wa suluhu kwa mama mmoja Msudani. Mpunguzie."

Akapunguza. Nikaona siku imeanza vizuri.

Koboko, mchana. Mama Keji alikuwa amerudi palepale sokoni, mkono mmoja ukipanga samaki, wa pili ukiwa kwenye bendeji. Nilijitambulisha nikitegemea matusi. Akanisogezea kigoda.

Nilisema Kinubi chetu, lugha ya babu zetu askari waliotoka Sudan. Yeye akajibu kwa Kiarabu cha Juba. Tukaelewana.

"Na ndugu yako tulielewana hivihivi," akasema. "Nilimwambia, mwanangu, nina watoto. Akanijibu, nao waende. Ndipo akakata."

"Mama, alikuwa ameacha dawa. Alikuwa akiongea na ukuta."

"Najua. Baadaye aliketi kwenye damu yangu, akanifunga mkono kwa shati lake, akauliza nani amenikata. Hakuwa akiigiza."

"Basi sema hilo tu. Chukua mbuzi."

Akacheka. "Rudi naye, asije akaitwa shahidi. Nitasema yote mawili. Ugonjwa ni wake. Lakini yale maneno hakuyatoa kwenye ugonjwa. Hapa nayasikia kila siku, kwa watu wenye akili zao."

Nimeshindana na wafanyabiashara wa mipaka mitatu. Sijawahi kuona mtu aliyekatwa akikataa kuongeza chochote, na akikataa kupunguza.

Jioni, lori lilelile. Utingo akamwona mbuzi.

"Wamekataa? Hawa Wasudani iko na kiburi. Warudi kwao." Alisema akitabasamu, mzima kabisa.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni. "Atasema alikuwa mgonjwa?"

"Atasema. Na atasema Ramadhani alimsikia, akamjibu."

Mama akaketi chini. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mgonjwa na mwenye hatia, nikatafuta namna ya kumwambia. Yeye akawahi.

"Mkono wa huyo mama unapona?"

Nilikwenda Koboko na kurudi, sikuuliza.