Udongo Mpya Juu ya Kaburi la Baba

Harufu ya udongo uliotoka kuchimbuliwa hunichanganya hadi leo. Juzi nilikuta rundo bichi la udongo wa fuko, yule mnyama achimbaye chini kwa chini, katikati ya migomba yangu hapa Mitunguu, nikajikuta nimechuchumaa kando yake, mtu mzima na miwani yangu, nikitega sikio.

Nilikuwa darasa la kwanza tulipomzika baba shambani kwetu, karibu na Muthara, kando ya viazi vitamu vya mama. Baada ya wiki chache nikakuta udongo mpya juu ya kaburi, una unyevu, umesukumwa kutoka ndani. Nilitoka mbio. Kesho yake, rundo jingine. Mhubiri alikuwa ametuambia baba atafufuka, lakini hakusema lini, nami sikujua kama nifurahi au niogope.

Baba mdogo Mutwiri, ndugu yake baba, hakusumbuka.

"Ni fuko. Imemaliza viazi, sasa imekuja hapa kwa sababu udongo ni laini."

Akaleta mtego wake: fimbo ya kupinda na kitanzi cha kamba. Akatoboa njia ya fuko kwa jembe huku akinifundisha.

"Hii kitu haipendi upepo, Kendi. Ukitoboa nyumba yake, lazima ije izibe. Hapo ndio kamba inaishika shingo."

Maskini mimi! Asiyependa upepo alikuwa baba. Kila jioni alizunguka nyumba yetu ya mbao akiziba nyufa kwa matambara, akinung'unika kwamba baridi itatumaliza. Nani mwingine angekuja kuziba? Niliing'ang'ania ile fimbo nikalia mpaka mama akatoka jikoni.

"Anasema nitanyonga baba yake," baba mdogo alimwambia, akijikaza asicheke.

Mama, ambaye kila fuko aliyenaswa kwenye viazi vyake alimshangilia, alilitazama lile shimo. Kisha akapiga magoti, akaliziba kwa mikono yake.

"Hapa wacha, Mutwiri. Utamwingizia upepo."

Nikafurahi sana. Kumbe mama naye alijua! Jioni ile akachukua matambara ya baba, ambayo hayakuwa yameguswa tangu mazishi, akazunguka nyumba akiziba nyufa moja moja. Nilimfuata nyuma nikiwa nimemshikia taa, nikidhani anamshikia baba kazi mpaka arudi.

Sasa nina watoto wangu, na nimeelewa. Ilikuwa jioni ambayo mama alikubali kwamba harudi.