Chuo cha Sayansi Nilichokitaka Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu ya jua kali kule Ishiara. Nilivaa viatu vipya vilivyonibana, na cheti changu cha ualimu wa Fizikia nilikibeba kwenye bahasha ya kaki, kana kwamba kuna mtu angenidai getini. Mkuu wa Idara ya Sayansi, mzee mrefu mwenye koti jeupe lililopauka, alinipeleka maabara akafungua kabati. Ndani kulikuwa na lenzi nne, betri zilizovuja, na mche mmoja, yaani kile kipande cha kioo chenye pembe tatu kinachoutawanya mwanga mweupe ukawa rangi saba.

“Vifaa ndio hivyo, madam,” alisema. “Lakini jua tuko nalo la kutosha.”

Sikumwelewa mpaka aliposogeza pazia kidogo na kuuweka ule mche kwenye mwali uliopenya. Rangi zikaanguka ukutani, juu ya chokaa iliyobanduka. Nilisahau viatu, nikasahau hata bahasha. Mimi ni mtu wa kupotelea katika mawazo tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akinipigia kelele githeri ikiungua mbele ya macho yangu. Siku ile nilipotelea pale ukutani, na nadhani sehemu yangu fulani haijarudi hadi leo.

Niseme na hili mapema. Mimi mwenyewe nilitamani uhandisi. Wakati wetu msichana aliyejua Fizikia alielekezwa ualimu, nami nikaenda nilikoelekezwa, na nilifundisha kwa furaha. Lakini ile tamaa nilihama nayo kutoka kituo hadi kituo, na ninyi vijana mnaonisoma mnafaa kuijua kabla sijawaeleza niliyoyafanya.

Kutoka Ishiara nilihamishiwa shule ya wasichana karibu na Laare, juu kwenye vilima vya Nyambene. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya miraa mpaka ukaona vichwa vya miti tu, na chini yake ukasikia boda boda zikikimbiza mafurushi sokoni. Mwalimu Mkuu wa huko, mama mfupi ambaye sauti yake ilifika jikoni bila kutumwa, aliniita ofisini muhula wa pili.

“Madam, kuanzia leo wewe ndiye career teacher.”

“Kazi yenyewe ni ya kufanya nini?”

“Form four wakichagua university, wewe unawaonyesha njia. Wazazi hapa wanataka mainjinia. Sasa wewe nipatie mainjinia.”

Kazi yenyewe iliendeshwa hivi. Fomu za kuchagua vyuo zilikuwa za karatasi, na kila mwanafunzi alipata moja tu. Ikiharibika, shauri yake. Kwa hiyo tulikuwa na desturi. Mwanafunzi aliandika chaguo zake kwa penseli, akaniletea, nami nikazipitishia wino. Kabla ya wino nilitakiwa kukagua klasta, yaani jumla ya alama za yale masomo machache ambayo kila kozi huyatazama, kisha nikae na mwanafunzi tuzungumze. Kukagua nilikagua sana. Kuzungumza, mara nyingi nilikuruka.

Mwaka mmoja akaja Karimi, binti wa mkulima wa miraa, aliyeongoza darasa zima kwa Hisabati. Kwa penseli alikuwa ameandika ualimu, Historia na Kiswahili. Nilitabasamu kama mtu aliyeona mtoto amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Nikafuta. Nikaandika kwa wino uhandisi wa umeme, katika chuo kinachofundisha sayansi na teknolojia peke yake. Nikiandika, niliona karakana yenye mashine za kukereza chuma, mwanga ukiingia kupitia madirisha marefu, na msichana mwenye kofia ya kazi akigeuka kunitazama. Kusema kweli, sura ya msichana yule haikuwa ya Karimi. Ilikuwa yangu.

“Ni sawa, madam,” Karimi akasema, akachukua fomu yake. Wasichana wale hawakuzoea kubishana na mwalimu, na mimi nikaichukua adabu yake kuwa ni kukubali.

Baada ya miaka mitatu nilimkuta sokoni Laare, amesimama na mama yake kwenye meza ya kufunga miraa, vidole vikizungusha jani la mgomba haraka haraka. Nikamuuliza chuo kinaendeleaje.

“Niliacha, madam.”

“Hesabu zilikushinda?”

“Hapana, hesabu nilikuwa napita. Ni vile nilikuwa najisikia mgeni. Asubuhi ni maths, mchana ni lab, jioni watu wanaongea tu assignment. Nikaona nibadilishe kozi. Nikaulizwa, unahamia wapi? Huko kila mlango ni sayansi.” Akamaliza kufunga furushi, akaliweka kando. “Ulifuta tu, madam. Hata hukuniuliza kwa nini niliandika vile.”

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mama yake alinikatia ndizi za kwenda nazo nyumbani, akanishukuru kwa kumsomeshea mtoto. Nilizibeba kwa aibu ambayo bado naijua ladha yake. Karimi alianza upya kwingine, na siku hizi anafundisha Historia. Tukikutana hunisalimia vizuri kuliko ninavyostahili.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa karibu na nyumbani, Karurumo. Kazi ya ushauri ilinifuata huko pia, lakini sasa nilikuwa mwoga. Mwanafunzi akileta fomu, nilipitisha wino juu ya chochote alichoandika, hata pale nilipoona wazi kwamba amefuata rafiki. Naibu wa Mwalimu Mkuu alinisifu kwa kumaliza fomu mapema kuliko shule zote za jirani. Nilipokea sifa zile nikatazama dirishani, kwenye miti ya kahawa, mpaka akaondoka. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Mwaka huu mjukuu wangu Wanja alipata matokeo yake. Anaishi nami tangu aingie sekondari, kwa kuwa wazazi wake wanafanya kazi mjini Embu. Fizikia aliipasua, na pia ni mtu wa mdahalo, mwenye kubishana hata na redio. Siku hizi vyuo huchaguliwa kwa simu. Aliniletea ya kwake nikiwa natenganisha matunda ya kahawa mabichi na yaliyoiva, na juu kabisa ya orodha kulikuwa na kile chuo cha sayansi na teknolojia. Moyo wangu uliruka kama wa msichana.

“Cucu, wewe ulikuwa career teacher. Niambie ubaya wa hapa. Mazuri yake nimeona kwa website.”

Nilimwambia twende kwanza tukakione. Tulienda siku ya kukaribisha wageni. Katika maabara moja, mwanafunzi wa kike alizima taa, akapitisha mwanga mwekundu ndani ya uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele. Uzi ulipinda, na mwanga ukapinda nao, ukatokea upande wa pili kwenye kiganja changu. Nilisimama pale nikifumba na kufumbua mkono, nisitake kutoka. Wanja ilibidi anivute kwa sweta.

Nyumbani nikamweleza ubaya, kama alivyoomba. Kila neno lilinitoka kwa shida. Kwamba akichoka na sayansi katikati ya njia, chuo kile hakina kitivo kingine cha kumpokea. Kwamba wasichana ni wachache, na kuna siku atakuwa peke yake darasani. Kwamba mashine tulizoonyeshwa ni nzuri, lakini aulize ni wanafunzi wangapi wanangojea moja. Kwamba kozi nyingine huwa mpya mno, na ni lazima ajue kama bodi ya taaluma inaitambua. Kwamba atalala, atakula na kucheka na watu waliosoma vitabu vilevile alivyosoma yeye. Nikamsimulia pia habari za Karimi, zote, na mkono wangu ulivyohusika. Aliponiuliza mazuri nikamtajia, maana yapo, kisha nikafunga mdomo.

Alikaa na maneno hayo siku nne. Siku ya tano akanikuta shambani.

“Cucu, nimebadilisha. Physics bado nitasoma, lakini kwa ile university kubwa iko na kila kitu.”

“Kwa nini?” nikamuuliza.

“Ile lab niliipenda, sikudanganyi. Lakini nilimuuliza yule dada wa uzi, ni kitabu gani amesoma ambacho si ya darasa. Akacheka tu. Hiyo kicheko iliniogopesha.” Akanitazama vizuri. “Umekasirika?”

“Sijakasirika. Nimesikitika. Mimi nilitaka uende kule.”

“Na hukusema!”

“Hukuniuliza ninachotaka. Uliniuliza ubaya.”

Alinikumbatia na ndoo yangu ya kahawa katikati yetu, nami nikalia kidogo, kwa ajili ya ile karakana ya madirisha marefu ambayo sasa hakuna wa kwetu atakayeiingia. Nilikuwa mshauri wa taaluma kwa miaka mingi kuliko umri wa Wanja. Kazi ile nimeifanya sawasawa mara moja tu, na nilikuwa nimeshastaafu.