Siku Arobaini Nje ya Ua

Mama yangu aliacha kuzungumza nami siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, kwa sababu mtu mmoja alikuwa amelala mchana akaota ndoto.

Mtu mwenyewe alikuwa mgeni Rumonge. Alifika kwa mtumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Ubwari, akiwa na kanzu mbili, jamvi moja na kikohozi. Nilimwona akishuka. Ningejua atakachonifanyia ningemrudisha majini kwa mikono yangu, lakini siku zile nilikuwa bado na adabu, nikamwambia karibu. Waislamu wa mji ule tulikuwa watoto wa wachuuzi, wapagazi na mafundi, kila mtu babu yake katoka kwingine, na mtu akishuka na kanzu safi tulimwita mwalimu kabla hajafungua kinywa. Huyu alikifungua mapema. Haikupita miezi mingi akawa amezungusha ua wa matete nyuma ya michikichi, ana watu wake ndani, na ametangaza kwamba walio ndani wamesalimika na walio nje wamepotea. Walio nje ni sisi wengine wote, pamoja na imamu wetu, Mwami, mfalme wa Warundi kule milimani, na Wadachi, wale watawala wa Kijerumani, na meli yao. Walijiita Watu wa Ua. Nadhani walikuwa na haraka ya kwenda peponi, hawakupata nafasi ya kutafuta jina zuri zaidi.

Sheria zao hazikutoka kitabuni, zilitoka usingizini. Mwalimu akijilaza adhuhuri, alasiri tuna sheria mpya. Mtu wa Ua asile kilichopikwa nje. Mtu wa Ua asivae nguo ya rangi. Mwanamke wa Ua asisuke nywele Jumanne, na kosa la Jumanne hakuna aliyewahi kulijua. Wakati huo pwani yote ya ziwa, kutoka kwetu hadi Magara na kuendelea, watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa malale. Walilala wakalala hata hawakuamka. Aliyelala kila siku na kuamka na afya yake njema alikuwa yeye peke yake.

Kaka yangu ndiye aliyetangulia kuingia. Kaka alikuwa amejaribu uvuvi akaogopa maji, akajaribu useremala akajikata kidole, akajaribu kuoa. Huko ndani wakampa kazi ya kusimama mlangoni na kuwazuia watu. Aliiweza. Sikuwahi kumwona mtu akisimama kwa ufundi kiasi kile.

Kaka nilimwelewa. Mama ndiye aliyenishinda. Mama alikuwa mkunga, na hata leo nikisema mkunga watu wanadhani nasema bibi fulani mwenye mizizi kwenye kitambaa. Nusu ya mji ule ilipita mikononi mwake. Warundi walishuka kutoka vilimani kumfuata, wanawake wa askari walimwita, na alikuwa na ulimi wa kuwatoa wanaume nyumbani mwao wenyewe. Mtu kama huyo akajifunga shuka nyeupe, akabeba mkeka wake, akaingia ndani ya matete na kukaa kimya. Ilikuwa mwaka mmoja tangu tumzike baba na ndugu zangu wawili, wote kwa malale. Nilisema ni majonzi, yatapita.

Hayakupita. Ikaja ile Alhamisi na ndoto yake, kwamba Watu wa Ua wasiseme tena na mtu wa nje, hata salamu, hata akiwa mtoto wa tumbo lako.

Nilipata tumaini mara moja. Daktari wa Wadachi alikuja na askari wake kupapasa watu shingo, kutafuta vile vivimbe vya malale. Mwalimu alikuwa amekataza siku nyingi mkono wa kafiri usiguse mwili wa mtu wa Ua. Basi nikajisogeza karibu na ua nitazame ushujaa. Askari alipopita mlangoni na kiboko chake, wa kwanza kutoa shingo alikuwa mwalimu. Aliinyoosha mpaka nikaogopa itakatika. Nikasema leo watafumbuka macho. Kesho yake akaota kwamba shingo haimo katika katazo, na wote wakashukuru kwa ufafanuzi.

Ndipo nikashika mimba. Ilikuwa ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa bibi yake. Msichana hurudi kwao, mama yake humkalisha, humpokea mtoto, humlea siku arobaini. Hata mwenye mama mchawi hupewa haki hiyo. Mimi mama yangu alikuwa mkunga wa pwani nzima, anakaa mwendo wa kumaliza muwa mmoja kutoka kwangu, na hakuruhusiwa kuniambia hata amahoro, ile salamu ya Warundi.

Njia yake ya kwenda kuteka maji ilipita kwenye uwanja wangu. Siku moja alisimama pale, mtungi kichwani, akanitazama tumbo, akageuka akamtazama kuku wangu.

"Wewe kuku," akasema, "mimba ya miezi tano haikamui mawese. Iko na masikio ama haiko?"

Kuku akaendelea kuparua.

"Kuku amesikia," nikasema.

"Na miguu inavimba, kuku. Ile chumvi unakula kama ng'ombe, uiache. Mutoto wa kwanza si muchezo."

Akaenda zake. Kwa mwezi mzima kuku yule alipata mafunzo ya ukunga ambayo wanawake wengine walikuwa wakisafiri siku mbili kuyafuata. Aliambiwa alale upande gani, anywe uji gani, ajisugue mafuta wapi. Mume wangu, mtu mpole, muuzaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimpa kuku mtama wa ziada kwa heshima. Nilicheka sana mwezi ule. Mama akishapita nililia pia, sitaki kujifanya jasiri.

Kaka yangu akatusikia. Kazi yake ilikuwa mlango, lakini alikuwa mtu wa kujituma. Mwalimu akalala, akaamka, sheria ikatoka: kuku wa mtu wa nje ni mtu wa nje. Tangu hapo mama alipita macho chini, na mimi nilibaki na tumbo linalokua na hofu ambayo sikumwambia mtu. Wanawake wengine walikuwepo, lakini wote walikuwa wamezoea kumwita mama yangu mambo yakiharibika. Nikiharibikiwa mimi, ataitwa nani?

Uchungu ulinianza asubuhi, na jua lilipofika juu ya paa mambo yakawa yameharibika. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amenishika, akanyamaza ghafla. Mwanamke yule alikuwa hanyamazi hata akila. Nikajua.

Mume wangu alikimbia mpaka uani. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye. Alimkuta kaka yangu mlangoni, amesimama kwa ule ufundi wake.

"Shemeji, mwite mama. Dada yako anakufa."

Kaka akatazama pembeni, kwa sababu mume wangu naye alikuwa mtu wa nje. Akauambia mti: "Mama iko katika ibada."

Mume wangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Siku ile aliweka mikono mdomoni akapiga kelele juu ya matete yote, mji mzima ukasikia: "Mutoto ametanguliza mguu! Mutoto ametanguliza mguu!"

Mama hakupita mlangoni. Alipita palipokuwa karibu. Aliyang'oa matete kwa mikono, akapenya mwenyewe, akaja mbio na shuka nyeupe imechanika begani. Nilimwona akiinama mlangoni pangu na majani kichwani. Maneno ya kwanza aliyoniambia mama yangu baada ya karibu mwaka mzima, akinitazama mimi usoni, yalikuwa haya:

"Usisukume! Nani amekuambia usukume, wee mutoto mukaidi?"

Sijawahi kuambiwa neno tamu kama lile.

Mtoto alitoka alasiri, mguu kwanza, wa buluu, akapigwa, akalia. Mvulana. Mama akamwosha, akamfunga, akanawa mikono, akakaa karibu yangu akisubiri neno kutoka uani. Hakuwa na haja ya kusubiri sana, kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha lala na kuamka. Kaka akaja na hukumu, akaitoa akikitazama kinu: mwanamke yule amegusa damu ya nje na kuvunja ua, basi atakaa nje siku arobaini, asiseme naye mtu yeyote wa Ua, na siku zikitimia itaangaliwa kama anaweza kurudi ndani.

Nilikuwa nimechanika, sina nguvu hata ya kugeuka, lakini nilicheka mpaka mama mkwe akadhani nimeingiwa na homa. Siku arobaini! Mwalimu mwenye kuongea na mbingu kila mchana, katika adhabu zote za duniani anachagua kumfungia mama mkunga siku arobaini katika nyumba ya mzazi. Mbingu hazikumwambia kwamba arobaini hizo nilikuwa nazidai kwa mila tangu mwanzo.

Ah, zilikuwa siku. Mama aliamka kabla ya kila mtu, akachemsha maji, akanikanda tumbo, akanifunga mkaja, akanipikia uji wa pilipili manga unaotoa machozi. Alimnyoosha mtoto miguu mpaka mtoto akasahau kwamba alitoka mguu kwanza. Alimtukana mume wangu, akamtukana mama mkwe, aliwatukana wote waliokuja kutazama mtoto, na watu waliondoka wamefurahi: mkunga amerudi. Wanawake wakaanza kumletea matumbo yao pale pale uwanjani. Kila asubuhi aliniuliza, "Leo siku ya ngapi?" Nami nikamwambia ya saba, ya kumi na mbili, ya ishirini. Nilijua anahesabia arobaini ya mtoto, kama bibi yeyote. Nikamnong'oneza mume wangu aanze kukata miti ya kuongeza chumba.

Karibu na siku ya thelathini nikajiona mshindi, nikamuuliza. Alikuwa amepiga magoti, anafua vitambaa vya mtoto.

"Mama, yule mutu alikupa nini huko?"

Alifua kwanza. "Siku naingia, aliniambia, kaa chini mama, umechoka."

"Basi?"

"Basi. Nikakaa. Wakaniletea maji, nikanywa, hakuna mutu aliyeniita."

"Hata mimi ningekuambia ukae."

"Ungeniambia," akasema, bila hasira hata kidogo. "Hukuniambia."

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, mimi sikosi jibu. Lakini mtoto alilia, mama akainuka akakimbia kumchukua, nami nikaendelea kukaa. Nilisema nitalifikiria neno lile nikipata nafasi. Sikuipata, kulikuwa na mtu wa kunifanyia kazi zote, na bado sikuipata.

Siku ya arobaini ilianza vizuri. Mume wangu alichinja mbuzi. Mama alimnyoa mtoto nywele za tumboni kwa wembe wake mwenyewe, akampaka mafuta kichwani, akamzungusha uwanjani kumwonyesha jua na ziwa. Kisha akamweka mapajani mwangu. Aliingia ndani, akatoka amevaa ile shuka nyeupe, ameishona begani, mshono mdogo mzuri. Sijui aliushona lini. Mkeka ulikuwa kwapani.

"Mama, unakwenda wapi? Wageni bado hawajafika."

"Siku zimetimia, mutoto wangu."

"Za mtoto."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mzazi wa mara ya kwanza anayeuliza kama itauma. Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa akihesabu siku za nani.

"Mama, kaa," nikamwambia. "Kaa chini. Umechoka."

Alitabasamu. Alinishika shavu kwa mkono ule wenye mafuta ya mtoto, akasema niendelee na uji wiki moja zaidi, nisibebe mtungi mkubwa. Akaondoka kwa njia ile ile ya maji, na hakukimbia wala hakugeuka. Kutoka nilipokaa nilimwona kaka yangu akisogea mlangoni kumpisha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimpisha mtu.

Sikumfuata. Nilikuwa na mtoto mapajani, na sikuwa na la kumwambia ambalo halikuwa limechelewa. Iliniuma, na nasema wazi kwamba iliniuma kuliko mguu ule uliotangulia.

Wageni walikuja, wakala mbuzi, wakamsifu mtoto. Wakauliza bibi yake yuko wapi leo, siku kubwa kama hii. Nikawaambia adhabu yake imekwisha, wamemruhusu arudi kwao.