Mhola Duhu

Neno hilo nilimfundisha mimi. Rubani alikuwa mtu wa Dar, na kila akishuka kwenye kiwanja chetu cha vumbi huku Meatu, jirani na Bukundi, alinikuta nikifukuza ng'ombe na kunisalimia "mambo". Siku moja nikamwambia kwamba kwetu Wasukuma mtu akikuuliza "mhola?", unajibu "mhola duhu", salama tu. Hata kama umefiwa. Kwanza unajibu salama, halafu ndiyo unasema shida yako.

Akacheka. "Kwa hiyo nyinyi mnaanza na uongo?"

"Si uongo, kaka. Ni heshima."

Kazi yangu ilikuwa kuondoa ng'ombe, na kumweleza rubani hali ya hewa kwa simu kabla hajaruka kutoka Mwanza kuja kuchukua wageni wa kambi ya watalii. Hakuna aliyenisomesha. Nilijifunza aina za mawingu kwenye simu, nikapiga mistari kwa rula kwenye daftari la hali ya hewa, na ukurasa ukiwa na kosa hata moja niliuchana na kuuandika upya. Kipimo changu kilikuwa vilima vitatu upande wa mashariki. Kile cha karibu, cha tatu, kikifunikwa na mvua, ndege isije.

Alasiri ile alipiga saa tisa na nusu. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa, akaanza na neno letu la kuitana wanaume.

"Bagosha! Mhola?"

"Mhola duhu, kaka. Vipi, umechoka?"

"Hii ni ruti ya nne tangu alfajiri. Nikifika nalala hapo hapo chini ya bawa. Haya, nakuja."

Vilima viwili vilikuwa vimeshapotea. Cha tatu kilionekana nusu kutoka dirishani. Ningeweza kusema hivyo hivyo, nusu. Lakini nilitaka kutoka nje kwanza, nikiangalie vizuri, nimpe jibu lisilo na kasoro. Nikasema, "Subiri kidogo." Alikuwa ameshakata. Nilipotoka, kilima hakipo. Nikampigia mara tano, hapatikani.

Baadaye nilisikia injini ikizunguka ndani ya mvua, ikaenda, ikarudi, halafu kishindo. Ndege ililala kwenye shamba la pamba, hatua chache kabla ya kiwanja, bawa moja limechimba udongo. Mzee mwenye wale ng'ombe ndiye aliyevunja kioo kwa fimbo yake, tukamtoa rubani. Alikuwa peke yake, na alikuwa hai, ila mguu wake mmoja ulitazama upande usio wake.

Sasa nasema lile ambalo nimelificha. Kesho yake, kabla wachunguzi hawajafika, niliuchana ukurasa wa siku ile na kuuandika upya. Mawingu sikuyabadilisha. Niliongeza maneno mawili tu, kwa mwandiko wangu mzuri: "Rubani amejulishwa." Mchunguzi alilifungua daftari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Safi sana, kijana." Basi ikawa rubani alijua mvua ipo, akaja tu kwa ukaidi wake. Pale kambini wakaanza kusema huyo harudi tena angani.

Wiki ya pili nikapanda basi kwenda Bariadi, alikolazwa. Ukurasa wa kwanza, ule niliouchana, nilikuwa nao mfukoni, maana karatasi zangu zenye makosa huwa sizitupi. Nilimkuta mguu umening'inizwa, midomo imekauka. Aliponiona akatabasamu.

"Bagosha. Mhola?"

Neno likanijia lenyewe hadi kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Siyo mhola, kaka." Nikamweleza yote, tangu kilima cha tatu hadi yale maneno mawili, nikampa karatasi.

Aliisoma taratibu, akaigeuza na nyuma, kama kuna kingine.

"Nilisinzia," akasema mwishowe. "Nilipopita Maswa nilisinzia, na wachunguzi nimewaambia. Hilo ni langu. Lakini walinisomea kwamba ulinijulisha. Tangu siku hiyo nimelala hapa najichimba kichwani, nitafute uliniambia saa ngapi. Nilidhani akili imeniharibikia, mdogo wangu."

Nilianza kuomba radhi, akainua mkono kunizuia.

Akanirudishia karatasi, imekunjika pembeni kwa jasho la vidole vyake.

"Wapelekee wao," akasema. "Hiyo hiyo. Usiende kuiandika upya."